Tajiri wa Timu Akituhumiwa: Somo katika Amana, Ushahidi na Mapenzi ya Klabu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kuamrisha uadilifu na kukataza dhulma. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Mpira wa miguu umeingia katika nyoyo za watu wa nchi hii uingiaji mkubwa, wala haukukaa pwani tu. Mwenye kusafiri kutoka Dar es Salaam hata akafika Iyula, katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, penye baridi na mashamba ya kahawa, atawakuta watu wa huko wamegawanyika kama walivyogawanyika watu wa Kariakoo: huyu Simba, huyu Yanga, na watu wa pwani waliokwenda huko kwa biashara hawako nyuma katika mgawanyiko huo. Asili ya mchezo ni ruhusa, maadamu haukupoteza sala, wala haukufunua uchi, wala haukutiwa kamari. (Na hizo karatasi za kubashiri matokeo kwa fedha ni kamari pasina khilafu, hata zikipewa jina gani.) Maudhui ya somo hili si mchezo wenyewe. Maudhui ni mali iliyo nyuma ya mchezo, na mtu aliyeishika mali hiyo, pindi anapotuhumiwa ya kuwa ameila, au ameghushi hati, au ameipitisha fedha ya haramu ndani ya timu ili itoke ikiwa na sura ya halali, jambo ambalo watu wa sheria huliita utakatishaji wa fedha.

Khabari ya mtu kama huyo ikifika barazani baada ya sala ya isha, watu huwa makundi mawili. Wapenzi wa timu yake husema: anaonewa huyu, wamemchongea maadui zetu. Na wapinzani husema: mwizi huyo, ilijulikana tangu zamani. Wakiulizwa hawa na hawa ni ushahidi gani walioutazama, hawana jawabu. Aliyetetea ametetea kwa sababu ya jezi, na aliyehukumu amehukumu kwa sababu ya jezi. Na kila mmoja wao ameingia katika haki ya mja mwenziwe bila ya kujua, naye adhani anazungumza mpira tu.

Jambo hili lina kisa chake katika Kurani tukufu, katika Suratun Nisaa, tangu aya ya 105 hata ya 113. Wafasiri wamepokea ya kuwa mtu mmoja wa Madina, Tuuma bin Ubayriq, wa kabila la Bani Dhafar, aliiba deraya ya jirani yake Qatada bin Nuuman. Deraya ilikuwa ndani ya mfuko wa unga, na mfuko ulikuwa na tundu, unga ukawa unamwagika njiani. Kisha Tuuma akaipeleka deraya kwa Yahudi mmoja aitwaye Zaid bin Samin, akaiweka kwake. Alipoulizwa, akaapa ya kuwa hakuichukua wala haijui. Watu wakaufuata unga mpaka wakaikuta deraya kwa Yahudi. Naye akasema ya kuwa Tuuma ndiye aliyemwekesha, na watu wake wakamshuhudilia.

Hapo Bani Dhafar wakaenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu wao akishindwa watafedheheka wote, na Yahudi atatoka na ushindi. Mtume (S.A.W.) akawa karibu kuyapokea maneno yao kwa dhahiri yake, mpaka zikateremka aya hizo kumsafisha Yahudi aliyesingiziwa. Zikakataza kuwa mtetezi wa makhaini. Zikawasuta wale waliosimama kumtetea mtu wao hapa duniani, ya kuwa Siku ya Kiyama hawatakuwa na wa kumsimamia mbele ya Mola wake. Na zikabainisha ya kuwa mwenye kutenda kosa kisha akalitupa juu ya asiyelitenda, amebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Katika mapokezi ya Imamu Tirmidhi majina yamekhitilafiana, na aliyesingiziwa ni Muislamu, Labid bin Sahl. Lakini mazingatio ni mamoja.

Na aangalie msomaji jambo moja katika kisa hiki. Bani Dhafar hawakuivaa deraya ile, wala hawakuiuza wakagawana thamani yake. Haikuwafikia hata pete moja ya chuma chake. Walichokitetea ni jina la kabila lao. Ndivyo alivyo mpenzi wa timu anayemtetea tajiri asiyemjua: katika fedha zinazosemwa kuliwa haikumfikia senti moja, na dhambi ya kumtetea khaini, ikiwa ni khaini, inamfikia kamili. Tena aangalie upande wa pili. Yule aliyesafishwa na aya hizo hakuwa mtu wa kabila lao wala wa dini yao. Ikiwa haki ya Yahudi wa Madina imeteremshiwa wahyi ili isipotee, basi haki ya Muislamu aliyevaa jezi ya rangi nyingine ni nyepesi namna gani hata ikachezewa barazani? Katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, kumeamrishwa kushuhudia kwa haki hata juu ya nafsi na wazazi na jamaa, awe mtu ni tajiri au fakiri. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, kumekatazwa chuki ya watu isimtoe mtu katika uadilifu. Ya kwanza ni dawa ya mpenzi, na ya pili ni dawa ya mpinzani.

Mwaka 2017 haya yote yalidhihiri Dar es Salaam. Tarehe 29 Juni walifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu wakubwa wa mpira wa namna mbili. Wa kwanza ni Evans Aveva, aliyekuwa raisi wa klabu ya Simba, na makamu wake Geoffrey Nyange, maarufu kwa jina la Kaburu. Wa pili ni Jamal Malinzi, aliyekuwa raisi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, pamoja na katibu wake mkuu na mhasibu. Mashtaka yalikuwa ya kughushi na ya kutakatisha fedha. Na mwezi wa Julai wa mwaka huo huo akashtakiwa Yusuf Manji, tajiri aliyekuwa mfadhili na mwenyekiti wa Yanga mpaka mwezi wa Mei. Yeye kwa uhujumu wa uchumi, katika jambo la vitambaa vya sare za jeshi na mihuri. Basi kila upande ulikuwa na mtu wake wa kumlilia, na mtu wa mwenziwe wa kumlaani. Waliokuwa barazani siku hizo wanakumbuka ni maneno gani yaliyosemwa.

Mwisho wa mambo hayo ulikuwa hivi. Kesi ya Manji iliondolewa na mwendesha mashtaka wa serikali mwezi wa Septemba 2017. Naye amefariki dunia nchini Marekani mwezi wa Juni 2024. Aveva na Nyange walikaa rumande zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2019 mashtaka ya kutakatisha fedha yakaondoka, wakapata dhamana, na mwaka 2021 mahakama ikawaachia huru. Malinzi alipatikana na hatia ya kughushi mwezi wa Desemba 2019, akahukumiwa faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka miwili, akalipa faini akatoka.

Watu waliofikishwa mahakamani siku moja, kwa mashtaka yanayofanana, mmoja akatoka na hatia na wawili wakatoka bila ya hatia. Basi aliyesema mwaka 2017 ya kuwa wote ni wezi, amewasingizia wawili. Na aliyesema ya kuwa wote wameonewa, amemshuhudilia mmoja kwa asilolijua. Hakuna aliyesalimika ila yule aliyenyamaza akangoja, na huyo ndiye aliyeonekana siku zile kuwa hana mapenzi na timu! Na wale waliotukana, wangapi walioomba radhi? Maulamaa wanasema ya kuwa toba ya kosa lililo baina ya mja na mja haitimii ila kwa kumrudishia mwenyewe haki yake au kutaka msamaha wake. Mwenye kumwita mtu mwizi mbele ya watu kumi, naye si mwizi, ana deni la heshima ya mtu.

Msingi wa mlango huu ni hadithi aliyoichagua Imamu Nawawi katika Arobaini zake, ya thelathini na tatu, ya kuwa lau watu wangepewa kwa madai yao tu, basi wangelidai mali na damu za wenzao. Ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha. Mafakihi wakajenga juu yake ya kuwa asili ya dhimma ya mtu ni kuwa imesalimika, mpaka lije la kuithibitishia deni. Na utajiri wa mtu si ushahidi. Wako watu wanaodhani ya kuwa mwenye mali nyingi hapana budi ameiba mahali. Na hiyo ni dhana mbaya iliyokatazwa katika Suratul Hujurat, kwani katika masahaba wenyewe alikuwako Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, Mungu awawie radhi, na mali zao zilikuwa nyingi na safi.

Wala mtu asidhani ya kuwa hukumu ya hakimu inageuza haramu ikawa halali. Mtume (S.A.W.), naye ndiye mbora wa mahakimu, amekhabarisha ya kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wa wagomvi akawa na ulimi hodari kuliko mwenziwe, basi aliyehukumiwa apewe kitu cha haki ya nduguye asikichukue, kwani ni kipande cha Moto. Aliyeachiwa na mahakama ulimi wa watu ukome juu yake, hiyo ndiyo haki yake ya dhahiri. Na lililo baina yake na Mola wake liko mahali pake, wala si kazi ya baraza kulichimba.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda mpira hawalizungumzi, nalo ni kukaa rumande. Katika sheria za nchi, mwenye kushtakiwa kwa kutakatisha fedha hakupewa dhamana, hata ikawa miaka inapita juu yake naye hajahukumiwa. Mafakihi wamelitazama jambo hili zamani. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud na wengineo, kwa njia ya Bahz bin Hakim, ya kuwa Mtume (S.A.W.) alimzuia mtu kwa tuhuma kisha akamwacha. Kwa hivyo kumzuia mtuhumiwa kuna asili. Lakini ni kwa muda gani? Imamu Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya, ametaja kauli ya Abu Abdillah az-Zubayri ya kuwa kuzuia kwa ajili ya kuchunguza kusizidi mwezi mmoja, na kauli ya wengine ya kuwa hakuna kipimo maalumu, bali ni kwa ijtihadi ya mtawala. Msomaji na aweke mwezi mmoja wa Az-Zubayri kando ya miaka miwili na zaidi ya watu wa Kisutu. Hata mwenye kufuata kauli ya pili ataona ya kuwa ijtihadi haikuwekwa ili uchunguzi ulale usingizi na mtu aamke kila siku ndani ya kuta.

Amma mali yenyewe, hapa pana maneno marefu, na ndipo palipo na faida zaidi.

Kitovu cha mashtaka ya Aveva kilikuwa dola za Marekani 300,000, fedha za kuuzwa mchezaji Emmanuel Okwi, wa Uganda, aliyehama Simba mwaka 2013 kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia. Upande wa mashtaka ulidai ya kuwa hati ya kuhamisha fedha ilighushiwa ili ionekane klabu inamlipa raisi wake deni alilolikopesha. Mahakama haikumtia hatiani, na hilo limekwisha. Lakini suali la fikihi halikuisha, kwa sababu hali ya namna hii yaweza kumfika mtu mwema kabisa, na huwafika wengi katika klabu kubwa na ndogo.

Hali yenyewe ni hii. Timu haina fedha. Tajiri hutia mkono mfukoni: leo analipa nauli ya wachezaji kwenda Mbeya, kesho chakula na malazi, kesho kutwa mishahara ya miezi miwili iliyochelewa. Watu humshangilia na kumwita baba wa timu. Hakuna anayemwuliza, naye hasemi: fedha hii ni hiba, au ni karadha, au ni ununuzi wa hisa? Ikapita miaka mitatu, mchezaji akauzwa, klabu ikapata fedha nyingi kwa mara moja. Tajiri, naye ndiye mwenye sahihi ya benki, akachukua. Je, amechukua lake au la watu?

Sharia haiachi neno hili likaning'inia. Ikiwa alichotoa ni hiba na imekwisha kupokewa, basi si chake tena. Na katika madhehebu ya Shafi hakuna mwenye ruhusa ya kurejea katika hiba yake ila mzazi kwa mwanawe. Ikiwa ni karadha, ana haki ya kurudishiwa mfano wake bila ya kuzidi, na kila kilichoshurutishwa kuzidi ni riba. Na ikiwa ni ushirika, basi ana fungu lake katika faida na ana fungu lake katika khasara. Mfano wake ni mfumo walioukubali wanachama wa Simba, mwekezaji kuwa na asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, na wanachama asilimia 51, nao hauna ubaya katika asili yake kwa kuwa kila fungu limetajwa. Ubaya uko katika kutotaja. Mtu yule yule, kwa fedha zile zile, huwa mfadhili anapotoa na huwa mdai anapochukua.

Ndiyo maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuja katika sala wala katika hija. Imekuja katika kuandika deni. Imeamrisha liandikwe pamoja na muda wake, aandike mwandishi kwa uadilifu, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Jamhuri ya maulamaa wamesema amri hiyo ni ya kupendekeza baina ya mtu na mwenziwe. Lakini mwenye kushika mali ya wengi hana udhuru wa kuiacha, kwani wenye mali hawamwoni wala hawakumsamehe. Lau klabu zingeliandika kila shilingi ya tajiri siku ile ile ilipoingia, ni hiba au ni deni, na wanachama wawili wakatia sahihi, wa kwanza kufaidika angekuwa tajiri mwenyewe. Siku ya kuulizwa angetoa karatasi, na maneno yakaisha.

Tena mwenye kuendesha klabu ni wakili wa wanachama, na mkono wake ni mkono wa amana. Wakili, kama ilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, hajiuzii mwenyewe mali aliyowakilishwa, hata kwa bei nzuri. Sababu ni kuwa mtu mmoja hawezi kuwa muuzaji anayetaka bei ipande na mnunuzi anayetaka bei ishuke. Kwa sababu hiyo hiyo haimwelekei wakili kujilipa deni lake kwa mkono wake mwenyewe, hata likiwa deni la kweli. Na alipe mwengine, yeye apokee. Na aliyewekeshwa amana akaichanganya na mali yake hata zisipambanuke, mkono wake umetoka katika amana ukaingia katika dhamana: ikipotea, atalipa, hata kama haikupotea kwa uzembe wake. Basi fedha ya klabu kulala katika hesabu ya benki ya mtu binafsi, usiku mmoja tu, ni kosa kabla hata haijaliwa.

Na zawadi vile vile. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akasema ya kuwa hii ni yenu, na hii nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa babake na mamake akaona kama zawadi zitamfuata huko. Msimamizi wa klabu anayepewa bahashishi na wakala wa mchezaji, au na mwenye kuuza jezi, na ajipime kwa mizani hiyo.

Watu wa Iyula wanalifahamu jambo hili vizuri katika kahawa yao. Wakulima wa Mbozi huuza kahawa kwa njia ya vyama vya ushirika. Katibu wa chama akitia fedha za mavuno katika kasha la nyumbani kwake, ataulizwa kabla jua halijachwa. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, aliyemwuliza katibu juu ya kilo kumi za kahawa, akilipa ada yake ya uanachama wa klabu na akanunua jezi kwa fedha ya kahawa ile ile, haulizi tena. Akisikia klabu imepata mamilioni, neno lake la kwanza ni: tutamsajili nani?

Hapo ndipo mapenzi yanapofanya kazi ya pazia, na si hapa Tanzania peke yake. Nchini Italia alikuwako Calisto Tanzi, mwenye kampuni ya maziwa ya Parmalat aliyoianzisha mwaka 1961. Kampuni ikaimiliki timu ya mji wa Parma, mji usio mkubwa, nayo ikatwaa Kombe la UEFA mwaka 1995 na tena mwaka 1999. Nani katika mji ule angemshuku? Mwezi wa Desemba 2003 ikadhihirika ya kuwa hati iliyoonyesha karibu euro bilioni 4 katika benki ilikuwa ya kughushi, na shimo zima la madeni likaonekana kuwa kiasi cha euro bilioni 14. Walioumia ni wajane na wastaafu na watu wa kawaida, maelfu kwa maelfu, waliokuwa wamekopesha akiba zao kwa kampuni ile. Tanzi alihukumiwa vifungo virefu, akafa tarehe 1 Januari 2022. Vikombe vya Parma bado vimeandikwa katika vitabu vya mpira; na akiba za wale watu, nyingi hazikurudi.

Na Ufaransa alikuwako Bernard Tapie, mwenye Olympique de Marseille. Mwezi wa Mei 1993 timu yake ilitwaa Kombe la Ulaya. Siku chache kabla ya hapo wachezaji wa Valenciennes walikuwa wamehongwa wasicheze kwa nguvu, na fedha za rushwa zikakutwa zimefukiwa katika bustani ya nyumba moja. Marseille ikavuliwa ubingwa wa Ufaransa, Tapie akahukumiwa, na mwaka 1997 akaingia jela. Huyu hakuwa mtuhumiwa tu, alithibitikiwa. Pamoja na hayo, alipofariki mwezi wa Oktoba 2021, jeneza lake lilipelekwa katika uwanja wa timu, na watu kwa maelfu wakaja kumuaga kwa nyimbo na machozi. Kumlilia maiti si dhambi. Lakini msomaji na akumbuke khabari ya mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, watu wakubwa wakaona uzito kwa sababu ya nasaba yake, wakamtuma Usama bin Zaid akamwombee. Mtume (S.A.W.) akaghadhibika, akasema ya kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu akiiba na kumwadhibu mnyonge, na ya kuwa hata binti yake Fatima angeliiba asingemwacha. Makhzum walikuwa na nasaba. Marseille walikuwa na kombe. Uombezi ni ule ule.

Suali: Tajiri akituhumiwa na kesi haijaisha, je, aondolewe katika uongozi wa klabu au aachwe?

Jawabu: Mafakihi wa Shafi wamezungumza juu ya wasii, yaani mwenye kusimamia mali ya yatima, pindi kadhi anapoingiwa na shaka juu yake pasina kuthibitika khiyana. Hamwondoi kwa shaka tupu, kwani ni kumfedhehesha bila ya ushahidi. Wala hamwachi peke yake, kwani ni kuihatarisha mali ya yatima. Humuongezea mtu wa pili, mwaminifu, wasifanye jambo ila pamoja. Khiyana ikithibitika, huondolewa. Na klabu iwe hivyo: kasha liwe na funguo mbili, na ufunguo wa pili usiwe kwa shemeji yake. Tajiri akikataa ufunguo wa pili, kukataa huko peke yake si ushahidi wa wizi, lakini ni sababu tosha ya wanachama kutafuta mwengine.

Suali: Tajiri huyo ametoa fedha kuezeka madrasa au msikiti, katika mji kama Iyula ambako Waislamu si wengi na bati ni ghali. Je, zipokewe?

Jawabu: Ikiwa ni tuhuma tu, wala haijulikani ya kuwa fedha hii yenyewe ni ya haramu, kupokea kwajuzu. Hata mtu ambaye mali yake nyingi ni ya haramu, kauli mashuhuri katika madhehebu, aliyoisimamia Imamu Nawawi katika Majmuu, ni kuwa kuamiliana naye ni makuruhu. Na Imamu Ghazali katika Ihyaa, katika mlango wa halali na haramu, amekwenda katika kuharimisha. Basi kujiepusha ni bora kwa mwenye uwezo, na mwenye dhiki hana dhambi. Haifai fedha hiyo iwe kifungo cha ulimi: madrasa iliyopokea bati haikuuza khutba zake, na mwalimu asigeuke mtetezi wa mtu barazani kwa kuwa watoto hawanyeshewi. Wala mtoaji asidhani ya kuwa bati litasafisha alichokula, kwani Mwenyezi Mungu hapokei ila kilicho kizuri. Mwenye mali ya haramu toba yake ni kuirudisha kwa wenyewe. Akiwa hawajui wala hana tamaa ya kuwajua, ndipo aitoe katika maslaha ya Waislamu, kwa nia ya kujivua na si kwa nia ya sadaka.

Na lau baadaye ikithibitika kwa ushahidi ya kuwa fedha ile ile aliyoitoa mkononi ni ya wanachama wa klabu, basi ni yao. Mikono inayofuatia mkono wa mnyang'anyi ina dhamana hata kama haikujua, ijapokuwa haina dhambi. Bati halitaezuliwa, bali wasimamizi wa madrasa watadaiwa mfano wa fedha waliyoipokea, nao watamrudia aliyewapa. Kwa hivyo na waandike siku ya kupokea: nani ametoa, kiasi gani, tarehe gani, na mashahidi wawili.

Wallahu aalamu bissawab.